Korongo wa Bonde la Idunda

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana wahusika bado wako hai, palikuwa na kijiji cha milimani ambako kipupwe kikiingia, jalidi huunguza majani ya viazi na watu hushinda na blanketi mabegani. Kijijini humo walikuwapo watu wanne waliopenda kutazama ndege. Kila Jumapili wakitoka kanisani walikusanyika jikoni kwa Bibi Nuswe, wakaota moto, kila mtu akaeleza alichoona: huyu chozi nyuma ya nyumba, yule mwewe juu ya shamba la ngano.

Bibi Nuswe ndiye aliyewafundisha wenzake, na ndiye pekee mwenye darubini. Lakini macho yake yalikuwa yakizima. Jumapili moja akawaambia, "Wanangu, nilipokuwa mwali, korongo wenye taji walijaa bonde la Idunda. Watu walipolilima, ndege wakahama. Atakayenirudishia korongo kabla sijawa kipofu, darubini hii ni yake."

Kipupwe kilekile Lutengano, mpasua mbao, akaja anahema. "Nimewaona! Wawili, Idunda, wana taji la dhahabu kichwani!"

Wakamcheka. Mwaka uliopita aliwaita watu waje kumwona bundi, kumbe ni gunia limenasa kwenye mti. Lutengano hakukata tamaa. Kila alfajiri aliteremka bondeni peke yake, vidole vikafa ganzi, akarudi na habari ileile: wapo.

Kati yao, asiyecheka alikuwa Edina. Akili yake ilikwenda moja kwa moja kwenye kinyungu chake, ile bustani ya bondeni inayolimwa miezi isiyo na mvua. Kinyungu chake kilikuwa palepale Idunda, na wiki ile alikuwa achome nyasi na kufukua mfereji wa kukausha maji. Alisimama jembe begani, akalitazama lile tope. Alijua korongo hawakai penye moto wala pakavu.

Jioni akamwambia mumewe, "Baba Zawadi, mwaka huu silimi Idunda."

"Watoto watakula nini? Manyoya?"

"Watakula ugali na chumvi. Mboga nitaomba kwa dada."

"Kwa ajili ya ndege wa Lutengano! Yule wa gunia!"

Edina akaanza kuosha vyombo. Hata yeye hakuwa na hakika. Usiku ule alilia kimya, asubuhi akalirudisha jembe darini. Watoto walikula ugali na chumvi kweli, na mdogo wao alipouliza maharage yako wapi, Edina alijifanya anapuliza moto.

Korongo wakakaa. Sasa Bibi Nuswe awaone vipi? Kifua kilikuwa kimembana, na binti yake alikataa katakata: "Mama akitoka kwenye baridi hii, mtamrudisha kwenye jeneza."

Tweve mhunzi, wa nne wao, mtu wa miraba minne, akapiga magoti mbele ya binti yule. "Dada, akifa, nilaumiwe mimi. Lakini asife na kiu hii." Binti akageuza uso, akamtupia blanketi mbili. Tweve akambeba bibi mgongoni, akateremka naye mteremko wenye utelezi, akianguka kwa magoti ili bibi asiguse chini. Edina na Lutengano wakafuata.

Ukungu ulipopanda, bibi akaweka darubini machoni. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. "Ni wao," akasema. "Wanacheza. Jamani, bado wanacheza."

Wakarudi nyumbani. Bibi akashikwa na homa kali, Tweve akakaa mlangoni hali wala halali, hadi homa ikashuka. Bibi akapona kifua. Macho hayakupona; yalizima kabisa.

Jumapili iliyofuata wakakutana tena jikoni, darubini iko mapajani mwake.

Lutengano akasema, "Mimi niliona kwanza, mkanicheka, na bado nikaendelea kwenda. Nisingeona, mngejua nini?"

Edina alitaka kukaa kimya, ila akamkumbuka mwanawe mdogo na maharage yale. "Shemeji, uliona, kweli. Lakini ningechoma zile nyasi, ungeona nini siku ya pili? Watoto wangu ndio waliowalisha korongo wako."

Tweve akayatazama magoti yake yenye makovu. "Bonde lingejaa korongo, na bibi angebaki kitandani akisimuliwa. Mimi niliweka shingo yangu rehani."

Bibi Nuswe akaipapasa darubini, machozi yakimtoka katika macho yasiyoona. "Nikimpa mmoja, nitawadhulumu wawili. Na nikikaa nayo, nimevunja ahadi."

Mpaka leo hajaitoa. Basi nyinyi mlionisikiliza, msiniangalie mimi, mimi nimeshindwa: aliyeona, aliyeacha kulima, na aliyebeba, yupi hasa aliyemrudishia bibi korongo wake? Darubini ile apewe nani?