Siku, Joto na Maziwa

Ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na tatu Machi, saa tisa na robo alasiri, Mwanakheri alipofumbua macho katika wodi ya wazazi, akajipapasa tumbo, asilikute. Akageuza shingo. Kwenye kitanda cha pili alikuwa ameketi mke mwenzake, kanga imefungwa kifuani, na ndani ya kanga ile kilichungulia kichwa kidogo kama embe dogo, kimevikwa kofia ya sufu.

Hapo ndipo wivu ulipoanza. Lakini huwezi kuwaamua watu usiowajua, kwa hiyo tuwajue kwanza wanawake wetu watatu, na kila mmoja alichojaliwa.

Mwanakheri, mke mdogo wa Mbwana Shekue, alijaliwa kung'ang'ania. Akishika jambo haliachi, hata likimuunguza. Bi Saumu, mke mkubwa, alijaliwa joto. Mwili wake ulikuwa jiko. Msimu wa kipupwe wajukuu waligombania kulala mgongoni pake. Na Zamda alijaliwa maziwa. Binti yake mchanga alikuwa akinyonya, akishiba, akilala, na bado kanga ya mama ikabaki imelowa. Zamda huyu aliwahi kuwa mke wa Mbwana. Alipewa talaka mwezi mmoja kabla Mwanakheri hajaingia nyumba ile, na mtaa mzima ulijua sababu. Sasa ameolewa kwingine, anakaa mtaa uleule, na kwa miaka miwili hajamwitikia Mwanakheri salamu.

Sikilizeni alichotoa kila mmoja.

Mwanakheri alitoa siku. Mimba ilipokuwa ya miezi sita, presha ilipanda, miguu ikamvimba. Daktari Tumsifu, mwanamke mpole asiyeficha jambo, alimwambia, "Dada yangu, tukimtoa leo, wewe utapona, yeye hapana. Tukingoja, yeye huenda akapona, wewe sina hakika."

"Mapafu yake yanataka muda gani?"

"Wiki tatu hivi."

"Basi ngoja."

Daktari alikataa, akabembeleza, akaeleza upya kila hatari, mwishowe akakubali kwamba mwili una mwenyewe. Mwanakheri akalala ubavu wa kushoto wiki tatu, akihesabu mateke. Kisha kifafa cha mimba kikamwangusha, akapasuliwa, asijitambue kwa siku sita. Bila siku zile, mtoto asingeweza kuvuta pumzi hata moja.

Bi Saumu alitoa joto. Mashine ya kuwapasha joto watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya wakati, ilikuwa moja, nayo imejaa. Daktari akauliza nani atambeba mtoto ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Mbwana akatazama sakafu. Bi Saumu, ambaye tangu Idi hakuwa akisemezana na mke mwenzake, akafungua vifungo vya gauni. "Nipeni. Mimi nimegombana na mamake. Huyu nimegombana naye wapi?" Watoto njiti husahau kupumua. Kila aliposahau, Bi Saumu alimkuna unyayo kwa ukucha, akamwambia, "We bwana, kazini!" Naye akavuta pumzi. Bila joto lile, angepoa siku ya kwanza.

Zamda alitoa maziwa. Maziwa ya kopo yalimvimbisha mtoto tumbo, likawa gumu kama ngoma. Daktari Tumsifu alikuwa akifanya utafiti kuona kama maziwa ya mama mwingine, yakipashwa moto na kupoozwa, yanawafaa watoto njiti. Sharti la utafiti lilikuwa moja: mtoaji hatajwi. Mbwana akaweka sahihi bila kuuliza lolote. Zamda alikuwa wodi ya jirani akimuuguza binti yake. Akakubali kukamua, naye akaongeza sharti lake, kwamba mama wa yule mtoto asijue kamwe. Bila maziwa yale, lile tumbo lingemuua.

Sasa turudi kitandani.

"Nipe mwanangu," alisema Mwanakheri. Sauti ilimtoka kama mlango usiotiwa mafuta.

Bi Saumu akamfungua mtoto taratibu, akamlaza kwenye kifua cha mamake. Mwanakheri alikuwa amepoteza damu nyingi. Mikono yake ilikuwa baridi kama ya muuza samaki. Mtoto akakunja uso, akalia kilio chembamba. Bi Saumu akanyoosha mkono kumgusa unyayo tu, naye akanyamaza.

Afadhali angemchoma sindano. Mtoto aliyemlalia ubavu mmoja wiki tatu anautambua ukucha wa mwingine! Mwanakheri akajikamua titi chini ya shuka, akajikamua tena. Yalitoka matone mawili, yakakoma. Mtoto akarudishwa kwenye joto la Bi Saumu.

Daktari Tumsifu akaja, akavuta kiti. "Dada, ulipokuwa hujitambui, baba wa mtoto alikubali kwa niaba yako apewe maziwa ya mama mwingine. Umeamka, kwa hiyo neno ni lako. Ukikataa, tunaacha leo, na matibabu yake mengine hayatapungua. Ila nisikufiche, tukiacha itabidi turudi kwenye kopo, na kopo lilimvimbisha tumbo nusura limuue."

"Maziwa ya nani?"

"Hilo siwezi kusema. Niliahidi."

"Yaani kuna mtu ndani ya tumbo la mwanangu, na mimi sitakiwi kumjua?"

"Nilimpa neno langu, dada."

"Nitakujibu kesho asubuhi."

Jioni akaja Mbwana, amevaa kanzu, harufu ya udi inamtangulia. Kondoo wa akika, wa kuchinjwa mtoto akipewa jina, alikuwa tayari; kilichobaki ni jina. Akasimama kati ya vitanda viwili kama mtu aliyesimama kati ya mbwa wawili.

"Mnaijua desturi ya ukoo wetu," alisema. "Mtoto aliyetolewa mdomoni mwa kaburi hupewa jina na aliyemtoa. Na huyo ndiye atakayeketi kuumeni kwake siku atakapooa. Kesho asubuhi nije nichukue jina. Kwa nani?"

"Kwangu," alisema Mwanakheri.

"Kwangu," alisema Bi Saumu, kwa sauti hiyohiyo.

Mbwana akakumbuka kwamba swala ya magharibi imekaribia, akaondoka.

Mwanakheri akainuka kwa kiwiko. "Bi Mkubwa, una haya kweli? Nimepasuliwa mimi. Wewe ulikuwa umekaa kitako tu!"

"Nimekaa kitako siku sita sijaegemea. Mgongo wangu uulize."

"Ulimtaka tangu zamani. Ulikuwa ukiomba nife umchukue."

Bi Saumu alicheka kicheko kikavu. "Ningeomba ufe, ningemwacha apoe, mkafuatana. Kama wivu unakuwasha, Mwanakheri, usijikunie kwangu. Nenda kajikunie kwa Zamda. Ndiye aliyemlisha."

Daktari Tumsifu, aliyekuwa akimpima mtoto wa kitanda cha mwisho, akageuka na uso umemshuka. "Bi Saumu! Nilimwahidi yule mwanamke!"

"Wewe uliahidi, mwanangu. Mimi sikuahidi. Nina macho, nimekaa hapa, nimeona kikombe kinakotoka. Zamda ana binti. Huyu wa kiume. Watoto wa mtaa mmoja, maziwa mamoja. Kwa dini yetu ni ndugu hawa, hawaoani. Ulitaka wajue lini?"

"Ningetafuta njia ya kuwaambia, kwa idhini yake."

"Lini? Kwenye harusi, wali ukishapakuliwa?"

Daktari alikuwa amelinda ahadi, na ndani ya ahadi ile palikuwa na shimo ambalo elimu yake haikumwonyesha. Lakini pia alijua kwamba mwanamke akivunjiwa siri moja, kesho wengine kumi hawatakamua.

Mwanakheri hakuwasikia tena. Wivu wake ulikuwa moto wa makumbi, unaotafuna ndani kwa ndani. Kwa Bi Saumu ulikuwa umejua pa kukaa. Kwa Zamda haukujua. Yeye alimchukulia Zamda mume, Zamda amemlishia mwana. Angekuwa amemtukana, angemjibu. Angekuwa amemroga, angetafuta dawa. Lakini kikombe cha maziwa unakijibu nini?

"Alijua ni mwanangu?" aliuliza mwishowe.

Daktari akamgeukia tena yule mtoto wa kitanda cha mwisho. Alikuwa bado akijaribu kuilinda ile nusu ya ahadi iliyobaki.

Bi Saumu ndiye aliyejibu, na safari hii sauti yake haikuwa na miiba. "Alijua. Alikuja hapa akamwangalia kwa muda mrefu. Akasema, 'Ana masikio ya Mbwana.' Kisha akaomba kikombe."

Kesho yake asubuhi Mwanakheri alishuka kitandani kwa mara ya kwanza, mkono mmoja ukutani, mwingine kwenye mshono. Hakumwomba Bi Saumu mtoto. Alikichukua kile kikombe cha bati kilichooshwa, akamwambia Daktari Tumsifu, "Muendelee," akaenda polepole mpaka mwisho wa wodi, penye pazia la kijani ambalo mama watoaji hukaa nyuma yake. Chini ya pazia zilionekana ndala nyekundu anazozijua.

Angeweza kulifunua. Mkono ulifika kwenye kitambaa, ukabaki pale. Kisha akainama, kwa maumivu, akakiweka kikombe sakafuni, akakisukuma ndani kwa ncha ya kidole.

Mkono ukatoka chini ya pazia, ukakichukua. Punde ikasikika sauti ya maziwa yakigonga bati.

Mwanakheri akaketi kwenye benchi lililokuwa hapo nje. Bi Saumu akamfuata, mtoto kifuani, akabaki amesimama. Mlangoni akatokea Mbwana na kanzu yake. "Haya," alisema, "jina nichukue kwa nani? Watu wananingoja."

Nyuma ya pazia maziwa yakakoma kudondoka. Mwanakheri alikuwa na jina la marehemu babake kwenye ncha ya ulimi, amelitunza wiki tatu za ubavu wa kushoto. Alimtazama Bi Saumu. Alizitazama ndala nyekundu. Alisogea mpaka ukingoni mwa benchi, akaacha nafasi ya watu wawili.

Nami naishia kwenye benchi hilo, kwa kuwa Mbwana bado amesimama mlangoni na kondoo bado amefungwa. Aliyempa siku aliweka roho yake rehani. Aliyempa joto aliuweka kando ugomvi wake. Aliyempa maziwa alimlisha mwana wa aliyemvunjia nyumba, akataka asijulikane. Akipungua mmoja, hakuna mtoto wa kupewa jina. Na mkimtaja yule wa nyuma ya pazia, mtakuwa mmemzawadia kwa kumvunjia siri. Msipomtaja, mtakuwa mmemdhulumu.

Haya, mliosikiliza: jina litoke kinywani mwa nani?