Ngwali na Maneno Yaliyopigwa Marufuku

Hapo zamani, wafalme walipokuwa bado na nafasi ya kusikiliza ugomvi wa kila mtaa, palikuwa na Sultani aliyechoshwa na mashtaka. Kila Ijumaa barazani ni yale yale: fulani kanizunguka, fulani kanichezea shere, fulani kanivisha kilemba cha ukoka. Basi akapiga mbiu kwamba atakayetamka tena neno lolote la kudanganywa au kusalitiwa atachapwa viboko thelathini. Alidhani maneno yakiisha, na hila zitaisha. Wenye hila walifurahi mno.

Ikawa Waziri Badru akaazima punda wa Ngwali, maskini muuza maji, kwa siku moja tu. Mwezi ukapita. Ngwali alipokwenda kumdai, waziri akamwambia, "Punda gani?" Punda huyo ndiye aliyekuwa akiwalisha mke wa Ngwali na wanawe watano. Ngwali alitamani kwenda kushtaki, lakini mgongo wake pia aliupenda.

Basi Ijumaa akaenda barazani, akainama. "Seyyid yangu, sikuja kushtaki. Nimekuja kumshukuru waziri wako. Ameniondolea taabu ya kukata majani. Siku hizi hata maji sichoti, nashinda nimelala, na wanangu wanafunga bila kungoja Ramadhani."

Watu wakaziba midomo kwa viganja. Waziri akatazama dari.

"Amekufanyia wema gani hasa?" Sultani akauliza.

"Alimchukua punda wangu kwa siku moja, na mpaka leo ananitunzia. Mtu mwema hivi si vizuri nimfaidi peke yangu. Naomba nawe, Seyyid, umkabidhi yule farasi wako mweupe. Siku moja tu."

Sultani alimpenda farasi yule kuliko jumba lake. Akamtazama waziri, akatazama upande wa zizini, na kabla hajajizuia akasema, "Nani, huyu? Huyu atanizunguka."

Mshika kiboko akainamisha kichwa, hajui afanye nini.

"Mimi sikusikia kitu, bwana wangu," akasema Ngwali taratibu. "Masikio yamejaa shukrani."

Sultani akaona alivyojinasa mwenyewe, akacheka hata machozi yakamtoka, na amri yake akaifuta palepale. Kisha akamwamuru waziri amrudishe punda yeye mwenyewe, kwa miguu, kamba mkononi, apitie sokoni. Na sokoni kila mtu alikuwa na neno la kumwambia, maana sasa yote yalikuwa ruhusa.