Kibuyu Mapajani mwa Sultani

Hapo zamani, minazi ilipokuwa mingi kuliko watu katika mji wa Shakambo, palikuwa na mgema mmoja aitwaye Mshangama. Mali yake yote ilikuwa kotama moja, kile kisu cha kukatia makarara ya maua ya mnazi, vibuyu viwili vya kukingia tembo, na ulimi. Kotama ilikuwa na pengo na kibuyu kimoja kilivuja, lakini ulimi ulikuwa mzima, na huo ndio uliomtia taabuni na huo ndio uliomtoa.

Mwenye mji alikuwa Sultani Harithi. Alikuwa mtu mwema kwa jumla, ila akiamua jambo huliamua kwa kishindo, kama mtu afungaye mlango na kidole cha mwenziwe kimo ndani. Basi siku moja, katika arusi ya mwanawe, binamu yake aitwaye Kirobo alilewa, akampiga mkewe Mwanatenga mbele za wageni, kisha akaipasua kwa teke ngoma kubwa ya kifalme. Asubuhi akaletwa barazani akilia machozi.

"Si mimi, Maulana," akasema. "Ni tembo."

Sultani akafikiri, akaona kweli, si Kirobo, ni tembo. Ikawa Kirobo akasamehewa na tembo likahukumiwa. Hakuna aliyemuuliza Mwanatenga, ambaye jicho lake lilikuwa bado limevimba. Siku ile ile mpiga mbiu akazunguka mjini akinadi: "Tembo tamu litokalo mnazini ni halali! Tembo kali ni marufuku! Atakayekutwa nalo, mkononi, nyumbani au tumboni, atapigwa viboko arobaini hadharani, wala asiulizwe kitu!"

Sasa, yeyote aliyewahi kupanda mnazi ajua kwamba hakuna mnazi wa tembo tamu na mnazi wa tembo kali. Tembo ni lile lile. Alfajiri mtoto mchanga aweza kulinywa. Liache mpaka jua lipande, laanza kuchemka lenyewe pasipo moto, latoa povu, na ikifika alasiri lazungumza kinywani mwa mnywaji. Lakini katika baraza lote la Sultani hapakuwa na mtu hata mmoja aliyepata kupanda mnazi, na walioandika sheria ndio hao.

Siku chache zilipopita, Mshangama alikamatwa baada ya adhuhuri, chini ya ukuta wa nyuma wa jikoni kwa Sultani, kibuyu begani. Aliyemkamata ni askari Feruzi.

"Hiki nini?" akauliza Feruzi, akanusa.

"Pua yako yasemaje?"

"Yasema tembo kali."

"Basi ikapigwe hiyo pua, maana ndiyo iliyolikuta. Mimi nilikuwa napita."

Dirishani mwa jiko alikuwa amesimama Bi Zamda, mpishi wa Sultani, mwanamke mjane, mkono kinywani. Mshangama akamtazama mara moja tu, kisha akageuza uso kana kwamba dirisha halina mtu. Kwa maana tembo lile lilikuwa linakwenda kwake. Kila siku Bi Zamda aliroweka mchele akausaga, akatia kikombe cha tembo lililokwisha kuchemka ili unga uumuke, na asubuhi akakaanga vitumbua ambavyo Sultani hali kitu kabla ya kuvila. Pasipo tembo hutoka bapa kama soli za makubadhi, na Sultani husukuma sahani. Mshangama alijua kwamba akitaja tu lilikokuwa likienda, viboko arobaini vitahamia mgongo wa yule mama. Naye akajisemea, mgongo wake ni mmoja, na ulimi wake ni mmoja. Auze ulimi au mgongo, lakini si Bi Zamda.

Akafikishwa barazani. Sultani akasema, "Umekutwa nalo."

"Kweli, Maulana. Nalipolishusha mnazini..."

"Asiulizwe kitu! Ndiyo sheria."

"Sijaulizwa, Maulana. Naongea tu."

Watu wakacheka, na Sultani akakunja uso. Mshangama akaendelea, "Nalipolishusha lilikuwa tamu, halali yako wewe mwenyewe. Nikawa njiani nalo, likageuka. Sasa nami nataka kujua, nilikuwa nimefika wapi nilipogeuka mhalifu? Penye kisima, au nilikuwa nimekwisha kuupita msikiti?"

"Wanifanyia mzaha, mgema?"

"La, bwana wangu. Mtu apenda kujua ni hatua ipi iliyompeleka jela, ili mara nyingine airuke."

Hapo Sultani akapandwa na hasira kweli kweli. "Haya! Kesho alfajiri utapanda mnazi, uniletee tembo tamu, liwekwe hapa hapa. Nawe utanionyesha saa ile linapogeuka, saa yenyewe, isiwe kabla wala baada. Ukinionyesha, u huru. Ukishindwa, si arobaini tena, ni themanini."

Kadhi wa mji, Mwinyi Amiri, mzee wa maneno machache, akamtazama Mshangama tangu kichwani hata miguuni, akanong'ona, "Themanini havitapata pa kukaa."

Jioni ile Bi Zamda akampelekea chakula kifungoni, akasema kwa sauti ya kuibia, "Baba, mimi nitakwenda niseme. Siwezi kukuona wapigwa kwa ajili ya vitumbua."

"Nyamaza, mama yangu. Tembo lililobaki jikoni kwako liumulie unga, na keshokutwa unipikie vitumbua vingi, vinene. Hiyo ndiyo kazi yako. Ya kwangu niachie."

Kulipokucha Mshangama akapanda mnazi, Feruzi akimlinda chini, akashuka na kibuyu kimejaa, wakaenda barazani. Watu walikuwa wamekwisha kujaa, na Kirobo amekaa mbele kabisa, miguu ameinyoosha, amekuja kuangalia mgongo wa mtu mwingine. Kadhi akaonja tone moja, akasema, "Kama maji ya dafu. Halali."

Mshangama akasema, "Maulana, mimi ni mshitakiwa. Nikikishika kibuyu, watasema nimetia dawa. Feruzi akikishika, atalinywa."

Feruzi akatazama vidole vya miguu yake.

"Mji huu una mkono mmoja tu usioshukiwa, na ulimi mmoja tu usiobishiwa. Nami siwezi kuvitaja, nisionekane najipendekeza."

Sultani akajinyoosha mgongo. "Lete hapa," akasema, akakipakata mapajani. "Nitakishika mimi, na nitaonja mimi, kila mara. Na nitakapoonja ukali, hapo ndipo tutakapojua."

Basi ikawa hivyo. Jua likapanda kidogo, Mshangama akauliza, "Limegeuka, Maulana?"

Sultani akapiga funda moja. "Bado. Tamu."

Wakakaa. Saa tatu ikafika. "Limegeuka, Maulana?"

Mafunda mawili. "Bado. Limechangamka kidogo, lakini bado."

Saa tano, mafunda manne. "Limechangamka vizuri. Wewe mgema, hukosi akili, ila huna subira. Keti!"

Saa sita kilemba cha Sultani kilikuwa kimelalia sikio moja, naye anamwita Mshangama ndugu yangu. "Bado!" akasema kwa sauti iliyofika sokoni. "Tena sasa ndipo lilipokuwa tamu hasa. Asubuhi lilikuwa likitudanganya." Kisha akaanza kuimba ule wimbo wa kumtoa bwana arusi, akikipiga kibuyu kama ngoma, na ubeti wa pili akaukosa akaimba wa kwanza tena mara tatu.

Ilipoadhiniwa adhuhuri Kadhi akainuka polepole, akainama, akanusa mdomo wa kibuyu, akarudi kinyumenyume. "Hili ni kali. Tena si la leo mchana, lina muda."

"Haiwezekani!" akasema Sultani. "Nimelionja tangu alfajiri. Sikuliona likigeuka!"

"Wala mimi sijapata kuliona, Maulana," akasema Mshangama, "na huu mwaka wa ishirini nagema." Kisha akamgeukia askari. "Feruzi, ndugu yangu, wewe ndiye mshika sheria. Kibuyu kimo mkononi mwa nani?"

Feruzi akakitazama kibuyu. "Mwa... mwa Maulana."

"Na nyumba hii ya nani?"

"Ya Maulana."

"Na tumboni sikuulizi, umesikia wimbo."

Sultani akajaribu kusimama, akaketi tena. "Lakini mimi nalikuwa nataka tu..." Akakoma hapo hapo, kwa maana aliona midomo ya watu wote, tangu mbele hata nyuma, ikisema pasipo sauti: asiulizwe kitu.

Kadhi akasema mlevi hapigwi mpaka alevuke, kwa hiyo neno likaahirishwa hata kesho, na Sultani akaenda kulala na viatu vyake.

Asubuhi yake watu walidhani hatatoka. Akatoka. Kichwa kilimuuma, macho mekundu, lakini hakwenda kwenye kiti chake. Alikwenda akasimama pale wanaposimama washitakiwa, na kwa hilo tu apewe haki yake. "Sheria ni yangu," akasema, "na mgongo ni wangu. Feruzi!" Feruzi akakishika kiboko kama mtu aliyepewa nyoka amshike mpaka mwenyewe arudi. Sultani akamtazama Mshangama. "Nawe uliyenifikisha hapa, una neno?"

"Nina moja, Maulana. Naomba uulizwe."

"Sheria yakataza."

"Basi pafutwe hapo tu. Pengine pote paache."

Sultani akampungia Kadhi mkono asogee. "Pamefutwa," akasema.

Kadhi akamkabili. "Ewe Harithi, jana ulipolewa, ulimpiga mtu?"

"La."

"Ulivunja kitu cha mtu?"

"La."

"Ulifanya nini?"

"Naliimba."

"Vibaya sana," akasema Kadhi, "lakini kwa hilo hatuna kiboko. Kunywa kwako ni jambo lako na Mola wako, tubu kwake. Sisi huku twashika yale uliyomtendea mwenzio."

Watu wakashusha pumzi, na Feruzi kuliko wote. Ndipo Sultani akasema, "Sasa na mgema aulizwe. Lile tembo lako la juzi lilikuwa likienda wapi?"

Mshangama akanyamaza, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Kisha akasema, "Nimesikia swali, Maulana, ila jibu si langu."

"Ni langu mimi," ikasema sauti kutoka mlangoni. Akaingia Bi Zamda na sinia ya vitumbua, vimevimba, vyekundu, vinatoa moshi. "Lilikuwa likija kwangu, bwana wangu, na jingine kama hilo limo humu. Bila hilo haviumuki."

Sultani akatwaa kimoja, akakibonyeza, kikarudi juu. "Kila siku?"

"Kila siku, tangu ulipoota meno."

"Hata baada ya mbiu?"

"Baada ya mbiu ndipo ulipovisifu zaidi."

Hapo Sultani Harithi akacheka, akacheka mpaka akashika nguzo, na kichwa kinamuuma hivyo hivyo. Akamwamuru Mshangama apewe kotama mpya yenye mpini wa fedha na vibuyu visivyovuja, awe mgema wa jikoni, aingie kwa mlango wa mbele. Baraza zima likacheka pamoja naye, na aliyecheka kwa sauti kuu kupita wote alikuwa Kirobo, anajipiga mapaja.

Sultani akamwona. Kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Kirobo, binamu yangu," akasema. "Njoo usimame hapa nilipokuwa nimesimama mimi. Kadhi ana maswali mawili."

Upande wa wanawake Mwanatenga akainuka, akajipenyeza mpaka mbele apate kusikia. Kirobo akaja kwa hatua za kuvuta, akafungua kinywa kusema si mimi, ni tembo. Akakutana na macho ya Sultani, ambaye jana alikunywa kibuyu kizima na hakumgusa mtu. Akakifunga.

Nasi twakomea hapo, maana kilichobaki ni cha Kirobo kujibu, si chetu kusimulia.