Arobaini ya Fisi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa maji, hata mwiko ukaelea jikoni!

Basi mvua ilinyesha, ndo ndo ndo, siku saba mfululizo. Bonde lote likawa maji. Kikabaki kilima kimoja, na juu yake ghala la mtama walioulima wanyama wote. Nani aliyetangulia kupanda? Fisi, ambaye jembe alilijua kwa kulisikia tu.

Bi Nguchiro, mkunga wa bonde lile, akafika na wanawe watatu juu ya gogo la mgomba. Watoto wanatetemeka, gogo linazama kidogo kidogo. Akaomba kupanda. Fisi, kwa ule upole wa wenye nguvu, akamwambia karibu sana, kiingilio ni mtoto mmoja tu, na amchague mwenyewe. Huruma iliyoje!

Nguchiro moyo ulimpasuka, ila uso akaukaza. Aliwajua wakubwa: hawashibi chakula, wala hawashibi sifa. Akasema yeye anasikitika tu. Gharika zote za kale zilikuwa na shujaa wake, akaimbwa na vizazi na vizazi, na hii itapita hivi hivi bila shujaa.

Fisi akasimamisha masikio. "Kwani mimi siwezi?"

"Unaweza, bwana. Ila shujaa wa gharika lazima azaliwe upya. Na mkunga ndiye mimi."

Fisi akakubali papo hapo. Nguchiro akapandisha wanawe, akamviringisha Fisi kwa magunia, kaza, kaza, akamlaza katika pango lililokuwa ubavuni mwa kilima. Akamsomea masharti: mtoto mchanga hatoki nje mpaka arobaini, hali ila uji mwepesi, haumi mtu, na hasemi. Akisema neno moja, siku zinahesabiwa upya.

Wanyama wengine wakaogelea, wakapanda. Ghalani kukawa kacha kacha, kacha kacha. Siku ya tisa Fisi akauliza wanatafuna nini. Hesabu ikaanza upya. Siku ya thelathini akauliza wanacheka nini. Ikaanza upya. Nje wakamwimbia sifa za ushujaa wake, midomo imejaa mtama.

Hatimaye arobaini ikatimia. Nguchiro akamnyoa nywele za uchanga, kama ilivyo desturi, akamtoa nje. Maji yamekauka. Ghala tupu. Wanyama wamekwenda makwao. Fisi akajitazama: mbavu zinahesabika, kichwa kipara.

"Mkunga, nimebadilika?"

"Sana, bwana. Hata mama yako asingekujua."

Nguchiro akawahesabu wanawe, mmoja, wawili, watatu, akateremka nao kilima.

Funzo, wanangu? Waheshimuni wakubwa, na wakisema wamebadilika, waaminini. Bila Fisi, nani angetulindia kile kilima? Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini; hawakusema kwamba mwenyewe atazilala.

Hadithi yangu naianika hapa. Mvua ikija, iingizeni ndani.