Paja la Sungura wa Kwanza

Hadithi hii, kwetu, aliisimulia kwanza shangazi Nakijwa, huko Usangi, mwezi wa Julai mwaka 1978, siku ya tatu ya matanga ya babu. Yeye aliipata kwa Mwalimu Delphine, mama wa Kilakota kutoka nyanda za majani za Amerika, aliyefundisha katika shule ambako shangazi alikuwa matroni. Waliosikiliza siku hiyo ni bibi yetu Nashesha, baba mdogo Mbonea, kitinda mimba wake ambaye bibi hakumnyima kitu, na sisi wajukuu. Naiandika kama shangazi alivyoisema.

Hadithi, hadithi!

— Ije!

Ije na nini?

— Ije na uchungu wake, tutaumeza.

Hapo kale, kale sana, kabla ya reli na kabla ya waya wa miba kufika nchi ya Walakota, waliishi mbwa mwitu. Nchi ile ni majani matupu, huoni mwisho wake. Kipupwe kikiingia theluji huanguka, mito ikawa migumu kama sakafu. Viumbe wote wa huko waliitana jamaa. Nyati ni jamaa. Kunguru ni jamaa. Hata sungura atakayeliwa kesho ni jamaa. Na kwa kuwa ni jamaa, ukimuua humli peke yako.

Basi mbwa mwitu walikuwa na desturi. Mtoto akiua windo lake la kwanza, haonji. Halambi hata damu iliyo mdomoni. Hulibeba lote, kichwa mpaka mkia, akawapelekea wasio na wa kuwawindia: vikongwe, wajane, yatima. Wao wanakula, yeye amesimama na njaa yake anawatazama. Wakimaliza, mkubwa wa kundi humpa jina. Kabla ya hapo hana jina, ni mtoto tu.

Palikuwa na Mama mmoja. Alizaa watoto wanne. Kipupwe kimoja kikamnyang'anya watatu. Wa kwanza alikufa kwa njaa. Wa pili alikufa kwa njaa. Wa tatu alikufa kwa njaa. Akabaki na mmoja, wa kiume, mbavu zake unazihesabu kwa mbali.

Mama akaapa, "Huyu hafi. Mimi nikiwa hai, huyu hafi."

Siku ikafika, mtoto akaua sungura. Akaja mbio, mkia juu.

"Mama! Mama, nimeua!"

"Nimeona, baba. Nimeona."

"Nimpeleke kwa Bibi?"

Mama akazitazama zile mbavu. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akamvuta mtoto nyuma ya jiwe kubwa jekundu, akang'oa paja moja la sungura, akaliweka mbele yake.

"Kula."

"Mama, windo la kwanza haliliwi."

"Kula, nakwambia. Paja moja halitamuua mtu."

"Na wakijua?"

"Nani atajua?"

Mtoto akala. Alikula haraka, mpaka mfupa.

Juu ya jiwe alikuwa ametua Kunguru. "Kwaa! Mama mtu, kumbe siku hizi tunaonja?"

"Shuka hapa, Kunguru, acha domo. Chukua hiki kifundo unyamaze."

Kunguru akakimeza kifundo. "Mimi? Mimi sijaona kitu. Nilikuwa natazama mawingu."

Mtoto akambeba sungura mpaka kwa Bibi, mkubwa wa kundi. Wasio na wawindaji wakapanga mstari. Mwisho kabisa alikaa Yatima, mtoto wa kike mwenye kuchechemea, ambaye mama yake alikanyagwa na nyati. Sungura mmoja hatoshi mstari mrefu. Huyu akapata mbavu, huyu akapata bega, huyu akapata paja. Ilipofika zamu ya Yatima palibaki ngozi ya kichwa. Akailamba.

Bibi akaigeuza mifupa kwa pua yake. "Sungura huyu alikuwa kilema?"

Mama akajibu upesi, "Mguu aliuacha kwenye barafu, Bibi."

"Maskini. Na alikimbia?"

"Alikimbia sana."

"Miguu mitatu, na bado akamtoa mwanao jasho. Haya."

Mbwa mwitu wakacheka. Bibi hakucheka. Alimtazama Mama, akangoja. Akangoja tena. Mama akainama akajifanya anatoa mwiba kwenye kucha.

Ndipo Bibi akamgeukia mtoto. "Tangu leo jina lako ni Asiyeonja."

Asiyeonja akajiramba mdomo.

Jamani, mpo?

— Tupo!

Hilo lilikuwa la kwanza. La pili ni hili.

Mwaka wa tatu baba yake Asiyeonja akachomwa na pembe ya nyati, akafa. Mbwa mwitu walikuwa na desturi nyingine. Wafiwa hutoa vyote walivyo navyo. Nyama yote iliyofukiwa hufukuliwa ikagawiwa, nyumba ibaki tupu. Halafu kundi zima huwalisha wafiwa mwaka mzima. Hivyo aliyefiwa hujua kwamba bado ana watu.

Mama akaanza kufukua. Asiyeonja akamshika.

"Mama, una wazimu? Hii ni akiba ya kipupwe."

"Ndiyo desturi, baba. Watatulisha."

"Wakisahau je? Toa nusu. Nusu tuifukie nyuma ya jiwe letu. Nani atajua?"

Mama akaacha kufukua. Moyoni alifurahi. Alijisemea, mwanangu ana akili, huyu hatalala njaa. Wakaifukia nusu nyuma ya jiwe jekundu. Kunguru akaletewa ini.

"Mawingu ya leo mazuri kweli," akasema Kunguru.

Kundi likawalisha mwaka mzima. Kila aliyewinda alipitia kwao. Wakala cha watu mchana, na chao wakakila kwa siri.

La tatu ndilo hili, na ndilo lililonifanya nisimulie.

Ukaja mwaka wa theluji kubwa. Bibi alikuwa amekwisha kufa. Mama naye alikuwa mzee, meno yamemtoka yote. Akakaa kwenye mstari wa wasio na wa kuwawindia, yeye mwenye mwana mzima mwenye nguvu kuliko wote. Asiyeonja alikuwa amejaa, manyoya yanang'aa. Lakini kila jioni alirudi mdomo mtupu.

"Huko hakuna kitu," husema. "Theluji tupu."

Mama hakuwa na meno, ila pua alikuwa nayo. Siku ya kwanza akanusa, akanyamaza. Siku ya pili akanusa, akanyamaza. Siku ya tatu akajikokota, tumbo likiburuzika juu ya theluji, mpaka kwenye jiwe jekundu.

Akamkuta Asiyeonja juu ya nyati mzima. Nyama bado inatoa mvuke.

"Baba, nimekuja."

Asiyeonja akasimama akaiziba nyama kwa mwili wake.

Mama akacheka, alidhani anataniwa. "Ni mimi, mwanangu. Nitafunie kidogo, sina meno."

"Rudi, mama."

"Nirudi wapi?"

"Nikikupa wewe utanukia nyama. Mstari wote utakuja hapa. Rudi, useme hukuniona."

"Mimi ni mama yako! Niliapa kwamba hufi!"

"Na sijafa," akasema Asiyeonja. "Rudi. Ukinyamaza, nani atajua?"

Yale maneno Mama aliyatambua. Kisha akainua macho juu ya jiwe. Kunguru alikuwepo, amenona mpaka mabawa hayakunjiki vizuri.

"Kunguru, jamaa yangu, ruka ukawaambie."

"Mama mtu, ningependa. Lakini wewe umenilisha mara mbili nisiseme. Na mwanao kanilisha mara ya tatu. Mimi natazama mawingu."

Mama akarudi kwenye mstari, akalala.

Jioni ile Yatima alirudi anachechemea. Alikuwa amezurura kutwa na mguu wake mbovu, akapata sungura mmoja, mwembamba. Akamgawa kwa wote kidogo kidogo. Paja akalitafuna mwenyewe mpaka likalainika, hakulimeza, akalileta mbele ya Mama.

"Kula, mama."

Mama akalitazama. "Paja hili ni lako. Tangu siku ile ya sungura wa mwanangu."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuwa wa mwisho mstarini, mama. Na nilikuwa na njaa. Nilihesabu miguu."

"Na Bibi?"

"Bibi alijua. Wote tulijua. Alitukataza kusema. Alisema umezika watatu, tusikuaibishe, utalirudisha mwenyewe." Yatima akalisogeza paja karibu. "Siku anakufa aliuliza kama umekuja."

Mama akalitia paja mdomoni. Hakulimeza.

Asubuhi walimkuta amekauka, paja bado liko mdomoni, zima.

Asiyeonja hakufukuzwa. Miaka ikapita, teke la nyati likamvunja taya, akalala nyuma ya jiwe lake akalia. Mbwa mwitu wakampelekea chakula, kwa sababu ndivyo walivyolelewa. Walikiweka chini, wakaondoka. Hakuna aliyekaa naye anapokula. Aliishi miaka mingi hivyo, ameshiba, na kila alipoitwa kwa jina lake aligeuza uso.

Basi, wanangu, funzo ni hili. Walakota, ambao desturi hii ya windo ni yao pia, hawakumnyima mtoto windo la kwanza kwa ukali. Walikuwa wanamjenga. Siku moja ya kusimama na njaa ukitazama wengine wakila inakufanya mtu maisha yako yote, na anayekuondolea siku hiyo, hata kama anakupenda, amekuibia. Mama yule alimwokoa mwanawe na njaa ya siku moja. Alichomfunza siku ile, ndicho alichokuja kulipwa.

Hadithi naitua hapa mlangoni. Mwenye kuitaka aibebe. Asiyeitaka airuke, lakini asiikanyage.

Shangazi alipomaliza, bibi alisema chai imepoa, akainuka kwenda kuipasha. Baba mdogo Mbonea alikuwa ameshatoka nje.

Mwalimu Delphine alifariki kwao mwaka 1991. Barua ilitufikia baada ya miezi minne. Bibi Nashesha alifariki mwaka 1984, akiuguzwa na shangazi peke yake. Shangazi Nakijwa alifariki mwaka 2009. Kati ya wajukuu sita tuliokuwepo, tumebaki wanne. Baba mdogo Mbonea yu hai, anakaa Same. Mara ya mwisho kufika Usangi ilikuwa siku ya mazishi ya bibi, na aliondoka kabla ya chakula.