Mpangaji wa Bi Zuwena

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nyumba!

Na mwenyewe je?

Alikuwepo, na haya zake!

Basi. Nyumba hiyo ilikuwa ya Bi Zuwena. Mjane, mpole, maneno yake asali tupu. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: kila kitu kwake muhali, haya humzuia kusema. Akikanyagwa mguu, yeye ndiye anayeomba radhi. Msicheke! Hata humu ndani wamo wenye ugonjwa huo, nawajua.

Upande wa uani alikaa mpangaji wake, Mwanaidi, na binti yake mdogo, Chausiku. Chumba cha mbele kilikuwa kitupu.

Siku moja akaja mgeni, kanzu nyeupe, kofia imemkaa.

"Shikamoo, mama. Natafuta chumba."

Adabu tele! Akainama kupita mlangoni, kofia ikasogea, na Bi Zuwena akaona mdomo kisogoni, na meno yake.

Akashtuka. Lakini akajiambia, "Nitamuulizaje mtu habari za kisogo chake? Si aibu hiyo?" Akampa ufunguo.

Lile lilikuwa zimwi, wanangu. Zimwi zima!

Siku moja kuku wa Mwanaidi hawakurudi bandani. Bi Zuwena akaona manyoya mlangoni kwa zimwi. Zimwi likamtazama.

"Mwenye nyumba, una neno?"

"Sina neno, baba."

Hapo hapo zimwi likarefuka, kichwa kikapita kimo cha mlango. Bi Zuwena akamwendea Mwanaidi. "Pole, mwanangu. Ni nguchiro huyo."

Siku moja mbuzi wa Mwanaidi naye hakuonekana. Mifupa ilikuwa chini ya dirisha la zimwi. Bi Zuwena akashika mchi, akatwanga huku akiimba kijembe: "Wengine hupewa chumba, wakataka na nyumba!"

Zimwi likatoa kichwa dirishani. "Wimbo mzuri, mama. Unamsema nani?"

"Simsemi mtu."

"Basi, mwenye nyumba, una neno?"

"Sina neno, baba."

Zimwi likarefuka tena, kichwa kikagusa dari. Bi Zuwena akamwambia Mwanaidi, "Ni fisi, mwanangu."

Mwanaidi, maskini, akamshukuru kwa kumpa pole, akamletea na bakuli la mchuzi. Bi Zuwena akaona aibu kuunywa, akaumwaga nyuma ya nyumba.

"Ah," akajifariji, "zimwi likujualo halikuli likakwisha."

Upuuzi! Yeye halikumla. Lilikuwa linakula vya mwenziwe!

Basi siku moja, magharibi, Chausiku akaitwa asiitike. Mwanaidi akazunguka kisimani, akazunguka mashambani. Majirani wakajaa uani. Na Bi Zuwena, aliyesimama karibu na chumba cha mbele, akasikia humo kilio chembamba.

Zimwi sasa limejaa chumba kizima, goti limetokeza dirishani.

"Mwenye nyumba, una neno?"

Watu wote wakamgeukia. Bi Zuwena akalihisi lile neno "fisi" limekaa tayari mdomoni.

"Bibi," Mwanaidi akamwambia, "unajua alipo mwanangu?"

Bi Zuwena akapaza sauti. "Nina neno!"

Zimwi likashtuka. "Taratibu, mama. Njoo uninong'oneze sikioni. Usijiaibishe mbele za watu."

"Sinong'oni! Kuku umewala wewe, nami nikasingizia nguchiro!"

Zimwi likanywea.

"Mbuzi umemla wewe, nami nikasingizia fisi!"

Zimwi likanywea tena.

"Siku ya kwanza niliuona mdomo wako wa kisogoni, nikaona haya kuuliza! Mtoe mtoto wa watu! Toka nyumbani kwangu!"

Zimwi likanywea likawa kama mende, likapita chini ya mlango, likapotelea majanini. Chausiku akatoka mbio, akamkumbatia mama yake.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Mwanaidi alikunja mkeka, akafunga vyombo vyake.

"Mwanangu, kaa," Bi Zuwena akamsihi. "Limeshaondoka."

Mwanaidi akamweka mtoto mgongoni, akamfunga kanga. "Lile ni zimwi, bibi. Kazi yake kula watu. Na wewe je?"

Bi Zuwena akainamisha uso, na hakuuinua mpaka nyayo za Mwanaidi zilipokwisha kusikika.

Hadithi yangu imeishia hapo, na utamu wake mdogo, najua. Ukimpangisha mtu chumba akakosa, mwambie yeye, usoni, siku ileile. Na waliomo ndani waambie kweli, hata ikikuaibisha. Mficha maradhi, kifo humuumbua.