Punda Aliyepakwa Hina

Imetufikia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba huko Al-Ahsaa aliishi Mughira bin Sayyar pamoja na mama yake, Bi Lubaba. Mama huyu alikuwa na maradhi ya nyonga. Hakumweza ngamia, na farasi alimtesa. Waliomfaa ni wale punda weupe wa nchi ile, wakubwa, mgongo wao unamfika mtu kifuani, na mwendo wao mlaini. Ndio waliovuta maji visimani na kubeba wagonjwa na wajawazito. Mughira alikuwa naye mmoja, na mwaka ule wakanuia kuhiji.

Ilikuwa ada ya watu wale kuwapaka punda hina siku ya kuaga mahujaji. Asubuhi ile pale kisimani msafara ulipokusanyika, punda wote walikuwa wekundu kama viganja vya bi harusi. Mughira akashika kamba, akampandisha mama yake, wakafuata msafara.

Walipokwenda kitambo, Bi Lubaba akasema, "Mwanangu, simama. Huyu si punda wetu."

"Umejuaje, mama, na wote wamepakwa hina?"

"Wetu hunitikisa upande wa kushoto. Huyu hata nyonga sizisikii."

Maskini Mughira! Msafara haumngoji mtu, na mama yake hakuwa tena na umri wa kuambiwa mwakani. Akasema kwa unyonge, "Tutamrudisha tukija."

"Nitaitikaje Labbaika juu ya mgongo wa punda wa mtu?"

Wakarudi. Kisimani wakamkuta Umaima, mkunga wa mji, anahangaika na punda wa Mughira aliyekataa katakata kuondoka bila ya bwana wake, ilhali kijiji cha pili mwanamke yumo katika uchungu. Umaima akampanda punda wake, hata shukrani hakuwahi kuzimaliza, akaenda. Mtoto akazaliwa salama. Msafara nao ukawa umekwenda zake.

Bi Lubaba alifariki kabla ya hija iliyofuata, Mwenyezi Mungu amrehemu. Watu wakampa Mughira pole kwamba mama yake hakujaaliwa kuiona Kaaba. Akalia sana, kisha akasema, "Alinikataza kusikitika. Aliniambia: Mola wangu ndiye aliyenialika, nami niliona haya kumwendea na haki ya mwenzangu."

Ndugu zangu, nyonga zikituuma sote tunapiga kelele. Ni nani miongoni mwetu atakayesimamisha safari kwa sababu haziumi?